Kisa cha binti wa namba kumi na moja: katazo lililomfuata mkimbizi hadi uwanjani Dar es Salaam

Kuhusu andiko hili

Andiko hili ni la makocha, makatibu na walezi wa timu za wanawake, hasa timu za mtaani zisizo na ofisi wala mwanasheria. Mhusika wake ni msichana mkimbizi kutoka Somalia aliyetaka kucheza mpira Dar es Salaam. Nitamwita binti, kama mama yake na kocha wake wanavyomwita. Mtaa nimeubadilisha, mwaka sikuutaja, timu haina jina hapa, na maradhi ya mama yake nimeyaacha kando. Binti na mama walisomewa maneno haya kabla hayajatoka. Walichoomba kiondolewe kimeondolewa.

Kazi yangu ni kushauri timu juu ya malezi na ulinzi wa wachezaji wasichana, na kocha aliniita mambo yalipokuwa yameshaharibika. Yaliyotangulia nimeyapata kwa wahusika wenyewe, mmoja mmoja, na pale walipotofautiana nimesema.

Ukiwauliza viongozi wa timu ni nini kilimtesa binti huyu, watakujibu: karatasi. Sikubaliani nao. Karatasi zilichukua muda, lakini zilikuwa na ofisi ya kwenda na mtu wa kuuliza. Kilichokaribia kumtoa uwanjani kabisa ni katazo la kwao, ambalo halikubaki mpakani. Liliingia Dar es Salaam kupitia simu ya mama yake na kodi ya nyumba, na hakuna kiongozi wa timu aliyekuwa amelitarajia.

Alikotoka

Somalia haijatulia tangu Januari 1991, utawala wa Siad Barre ulipoanguka. Katazo la mpira kwa wanawake huko alikokulia binti halikutoka kwenye kitabu cha sheria. Lilitoka midomoni mwa watu wenye silaha. Mwaka 2006, Mahakama za Kiislamu, vuguvugu lenye silaha, zilipoitwaa Mogadishu, michezo ya wanawake ilitangazwa kuwa haifai. Al-Shabaab, waliochipuka kutoka vuguvugu hilo hilo, walishika sehemu kubwa ya kusini, na mji wa Kismayo ulikuwa mikononi mwao tangu 2008 hadi 2012. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010, hata kuangalia mpira kwenye televisheni kulikatazwa katika maeneo yao. Usiku wa fainali, tarehe 11 Julai, mabomu yao yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, waliokuwa wamekaa wakitazama mechi. Ikiwa mtazamaji aliuawa, na katika nchi nyingine kabisa, msomaji anaweza kukadiria hali ya msichana anayeupiga mpira wenyewe. Kundi likiondoka mjini, macho ya majirani na jamaa hubaki, kwa sababu hakuna anayejua kama litarudi na nani atatajwa.

Binti alijifunzia mpira uani, ndani ya ukuta, pamoja na kaka na binamu zake. Ilikuwa chandimu kama ya watoto wa Vingunguti au Tandale, isipokuwa yeye hakuruhusiwa kupiga kelele. Akiwa na umri wa miaka kama kumi, mtu alimsogelea baba yake baada ya sala na kumwambia amesikia sauti ya msichana kwenye mpira. Hakutukana wala hakutisha. Alisema tu kwamba amesikia. Baba alielewa, na mpira ukatiwa motoni siku hiyo hiyo. Baadaye baba aliuawa, kwa mambo yasiyohusiana na mpira, na mama akaondoka na watoto, wakapitia Kenya hadi Tanzania.

Maisha ya Dar es Salaam

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze kwa ofisa ndani ya siku saba tangu aingie nchini, na inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa. Kwa miaka ya karibuni eneo hilo limekuwa na maana ya kambi za mkoa wa Kigoma, kama Nyarugusu wilayani Kasulu. Kuishi nje ya hapo ni kwa kibali, na kibali hutolewa kwa sababu chache kama matibabu, usalama au masomo. Familia hii ilipewa kibali kwa ajili ya kliniki za mama katika hospitali ya rufaa. Kibali kina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ilikuwa nyuma ya kila uamuzi utakaousoma hapa.

Walipanga chumba na sebule Ilala. Kodi ililipwa miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya jiji hili, na aliyeituma ni baba mdogo wa binti anayeishi Ulaya. Tangu kaka yake afariki, huyo baba mdogo ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mambo ya familia pia. Mama anazungumza Kiswahili cha pwani ya kwao, kwa hiyo Kariakoo hakupata tabu. Binti alianza masomo ya QT, mtihani wa maarifa kwa wanaosoma sekondari nje ya mfumo wa kawaida, kwani miaka ya shule ilikuwa imempita njiani.

Kocha anasema binti alikaa ukingoni mwa uwanja wiki nyingi akitazama timu ya wanawake ikifanya mazoezi, hadi yeye alipomfuata. Binti anasema siku ya kwanza tu aliomba kucheza, na mchezaji mmoja akamjibu kuwa timu imejaa. Sijui kumbukumbu ya nani ni kamili, lakini ya binti inanigusa zaidi. Timu nyingi hudhani mgeni ni mwoga, kumbe alishabisha hodi na kuna aliyemjibu kabla ya kocha kusikia.

Kocha alipomwuliza anacheza namba ngapi, hakujua namba. Alijua mguu wake ni wa kushoto. Akapewa jezi namba kumi na moja.

Ziara nyumbani

Kocha huyu ni mwanamke, naye aliwahi kufichwa viatu na kaka zake akiwa msichana wa Temeke. Kabla ya mazoezi ya pili alikwenda nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani."

Alitarajia kuulizwa habari za dini. Mama aliuliza mengine kabisa: nani atamrudisha binti giza likiingia, wanaume wanaosimama pembeni ya uwanja ni akina nani, na atavaa nini. Kocha alijibu kwa ukweli. Mazoezi ni kuanzia saa kumi na nusu, yanakwisha kabla ya Magharibi, na wachezaji wawili wanaishi njia hiyo hiyo, watarudi naye kwa miguu. Kuhusu wanaume, uwanja ni wa wazi, hawezi kuwafukuza, ila anayetoa maneno machafu huondolewa na vijana wa mtaa wanaoijua timu. Kuhusu mavazi, taiti ndefu chini ya bukta, jezi ya mikono mirefu, na hijabu.

Binti alitoa simu na kumwonyesha mama Nouhaila Benzina, beki wa Morocco, ambaye tarehe 30 Julai 2023 alicheza dhidi ya Korea Kusini akiwa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika fainali za Kombe la Dunia la Wanawake za timu za wakubwa. Mama aliitazama ile video zaidi ya mara moja. Akaruhusu mazoezi. Mechi, alisema, tutazungumza.

Naiweka ziara hii mbele ya mambo mengine yote kwa makusudi. Bila ile saa moja ya kukaa kwenye mkeka, mama asingempigia kocha simu siku ya balaa, na kisa hiki kingekuwa na mwisho mwingine.

Hijabu na mwamuzi

Mama alipokubali mechi ya kirafiki, mwamuzi alimtaka binti avue hijabu. Kocha alikuwa na Sheria ya 4 ya mchezo, inayohusu mavazi na vifaa vya mchezaji, kwenye simu. Historia yake ni fupi na kila kocha anapaswa kuijua: mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki mjini Amman kwa sababu ya vazi la kichwa, mwaka 2012 bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, ikaruhusu kwa majaribio, mwaka 2014 ikaruhusu rasmi. Masharti ni kwamba kifuniko kiwe cheusi au rangi kuu ya jezi, wa timu moja wafanane rangi, kisishonewe kwenye jezi, kisiwe na kitu kinachochomoza na kisimhatarishe yeyote.

Mwamuzi alisoma, akasema hijabu haina shida, shida ni pini. Alikuwa sahihi. Pini shingoni mwa mchezaji anayeruka kupiga kichwa ni hatari kwake na kwa mwenzake. Pini zikatolewa, ushungi ukafungwa kwa fundo, mechi ikaendelea.

Uamuzi mzuri ulikuja baada ya hapo. Kocha hakumshonea binti hijabu peke yake. Alinunua kitambaa cheusi cha kuvutika, akampelekea fundi, zikashonwa kadhaa zisizo na pini na kuwekwa kwenye begi la jezi kama vifaa vya timu. Wasichana wawili wa hapa hapa, Waislamu, ambao siku zote walikuwa wakivua ushungi uwanjani kwa shingo upande, wakachukua. Mmoja ana mama ambaye alikuwa amegoma kuja kumwona akicheza, sasa huja.

Karatasi

Hati ya ukimbizi ya binti ilisema amezaliwa tarehe 1 Januari. Wakimbizi wengi wasio na cheti hupewa tarehe hiyo, na viongozi wa timu wakiiona huanza kunong'ona juu ya udanganyifu wa umri. Kwa hati hiyo alikuwa na miaka 17.

Hapo ndipo zilipokuja njia tatu. Ya kwanza ilitoka kwa mtu wa uongozi aliyeitakia timu mema: atafutiwe cheti cha kuzaliwa cha hapa, aingizwe kwenye mfumo wa usajili wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kama Mtanzania, yaishe. Ya pili ni kanuni za FIFA zenyewe. Ibara ya 19 inazuia kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 asiye raia, hata kama hajawahi kusajiliwa popote, isipokuwa kwa sababu maalumu; mojawapo ni mtoto aliyekimbia nchi kwa sababu za kibinadamu na kuruhusiwa kukaa alikokimbilia. Ya tatu ni kusubiri Januari, atakapotimiza miaka 18.

Njia ya kwanza ilikataliwa na kocha palepale, na namheshimu kwa hilo. Timu inayokamatwa na cheti cha uongo hupokonywa pointi. Mkimbizi anayekamatwa nacho anaweza kupoteza hifadhi yake na kuiponza familia nzima, pamoja na kibali cha matibabu. Yule kiongozi aliiona hatari ya timu tu, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kumfikiria mchezaji ambaye karatasi ndiyo inayomtenganisha na kurudishwa alikotoka.

Kati ya ya pili na ya tatu, mama na binti walichagua kusubiri. Maombi ya sababu za kibinadamu yangepitisha maelezo ya kukimbia kwao katika mikono mingi, na miezi iliyobaki haikuwa mingi. Binti angeendelea na mazoezi, mechi za kirafiki na mabonanza. Mchezaji mwenye miaka 15 asingeweza kushauriwa hivyo. Kwake ningesema maombi yaanze mara moja.

Januari ilipofika alisajiliwa kama mchezaji wa ridhaa, bila fedha ya usajili, kwa ajili ya ligi ya mkoa. Kabla ya hapo kocha na mama walikwenda Idara ya Huduma za Wakimbizi kuuliza kama kucheza bila malipo kunagongana na masharti ya kibali. Walijibiwa kuwa ndani ya Dar es Salaam hakuna tatizo, ila kutoka nje ya mkoa kunahitaji ruhusa kila mara.

Binti aliwahi pia kumwuliza kocha kama siku moja anaweza kuchezea Twiga Stars. Kocha alimwambia bila kuzunguka: timu ya taifa ni ya raia, na uraia hauko mikononi mwa timu wala mwa TFF. Naona ni vyema alimjibu hivyo. Alikuwa akiwatazama wale dada waliokwenda Afrika Kusini mwaka 2010 na Morocco mwaka 2025 kwenye fainali za Afrika, na mtu mwenye ndoto hiyo anastahili kujua mlango uko wapi na umefungwa na nini.

Picha

Miezi michache kabla ya usajili, kwenye bonanza, binti alifunga mabao mawili. Kijana anayeendesha ukurasa wa timu kwenye Instagram alimpiga picha akishangilia, uso wazi, na kuandika jina lake kamili, mtaa, na kwamba ni mkimbizi kutoka Somalia. Aliandika kwa fahari. Uongozi nao ulipenda, kwa kuwa ulikuwa ukitafuta wafadhili na hadithi ya mkimbizi huvuta macho. Ukurasa mwingine wenye wafuasi wengi ukaichukua.

Binti hakuulizwa. Mama naye hakuulizwa.

Picha ilifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye ndugu wa Somalia, Kenya na Ulaya. Usiku huo baba mdogo alimpigia mama. Sauti zikafuata, moja baada ya nyingine, wengine wakimlaumu mama kwa kumwachia mtoto. Halafu ukaja ujumbe kutoka namba isiyojulikana, wenye jina la mtaa wao, ukisema wanajulikana wanakoishi. Baba mdogo, ambaye binti anasisitiza kuwa hakuhusika na ujumbe huo, alitoa neno lake: kodi inayokuja hatatuma.

Mama alimpigia kocha saa kumi na moja alfajiri. Kocha aliniita asubuhi.

Maamuzi ya siku ile yalikuwa haya. Picha ilifutwa, na kocha mwenyewe akawapigia wenye ukurasa ule mwingine. Walikuwa waungwana, walifuta ndani ya saa moja. Mama, binti na kocha walikwenda kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, wakachukua RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa polisi. Namba ya ujumbe ilikuwa ya nje na sikutegemea mtu akamatwe, lakini niliwashauri waende kwa sababu tishio lililoandikwa kituoni lina uzito katika faili la mkimbizi. Lisiloandikwa ni maneno. Taarifa ikapelekwa pia kwa wanaoshughulikia ulinzi wa wakimbizi chini ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Binti akaombwa apumzike nje ya uwanja kwa muda na kubadilisha njia ya kwenda masomoni.

Jambo gumu lilikuwa baba mdogo. Mwenyekiti wa timu alitaka ampigie yeye, mwanaume kwa mwanaume. Kiongozi mwingine akapendekeza imamu. Mama alikataa vyote. "Huyo ni ndugu wa mume wangu," alisema. "Akisikia sauti ya mgeni atajua nimemtangaza barabarani. Nitazungumza naye mimi, siku hasira ikishuka." Tulimwachia. Wapo walioona hilo ni udhaifu, kumwacha mwanamke mgonjwa apambane peke yake na mtu anayemlipia nyumba. Lakini alimjua, sisi hatukumjua.

Kodi

Hapa ndipo timu ilipojikwaa zaidi, na ndipo ninapotaka msomaji akae.

Viongozi walipotulia juu ya picha, waliona suala limekwisha. Kwa mama ndiyo kwanza lilikuwa linaanza, kwa kuwa kodi ilikuwa imebakiza wiki chache. Pendekezo la kwanza la timu lilikuwa mchango wa hadhara, tena kwenye mtandao, tena kwa jina lake. Walitaka kutibu jeraha kwa kisu kile kile. Mama alikataa, na uongozi ukaona amekataa msaada.

Kilichomsaidia kilikuwa kidogo na cha mtaani. Mjumbe wa mtaa, mama wa makamo anayemfahamu kila mpangaji, alikwenda naye kwa mama mwenye nyumba, wakakubaliana alipe mwezi mmoja mmoja badala ya sita. Ramadhani ilikuwa imekaribia. Familia za wachezaji zikamwagiza sambusa na vitobosha vya futari. Kocha alilipa mwezi mmoja mfukoni mwake bila kumwambia mtu, nami namtaja kwa kuwa ameniruhusu. Kila mmoja kati yao alijitolea. Hapakuwa na utaratibu wowote, na laiti mjumbe angekuwa mtu mwingine, sijui wangelala wapi.

Mama alizungumza na baba mdogo zaidi ya mara moja. Hakumshawishi kuwa mpira ni halali au haramu. Hakutaka mjadala huo. Alimwambia kwamba binti anasoma, anarudi kabla ya Magharibi, kichwa chake kimefunikwa, kocha ni mwanamke anayefika nyumbani, na kwamba picha haikuwa kosa la mtoto. Baada ya muda baba mdogo akarudisha nusu ya kodi, kwa sharti la kutoona picha tena. Hajatoa baraka zake, na hakuna anayemsubiri azitoe.

Kurudi uwanjani

Mapumziko yaliyotarajiwa kuwa ya muda mfupi yalirefuka hadi kupita miezi miwili. Hakuna aliyeamua hivyo. Aliyemwambia apumzike alikuwa uongozi, na hakuna aliyepewa kazi ya kumwambia arudi. Binti alidhani amefukuzwa kwa adabu. Kocha alidhani familia imeamua. Walikuja kuelewana walipokutana kwa bahati kituo cha daladala.

Tulipokaa naye kujadili masharti ya kurudi, mtu mmoja wa uongozi alisema safari hii watamficha vizuri. Binti alisema: "Mimi sitaki kufichwa. Nataka kuulizwa." Akachagua mwenyewe: jina lake liwe kwenye orodha ya mwamuzi tu, kwenye mitandao aitwe namba kumi na moja au asitajwe, picha za mbali au za mgongoni sawa, neno mkimbizi lisiandikwe kabisa. Kwenye picha ya pamoja ya timu aamue siku hiyo hiyo.

Matokeo

Alicheza msimu wa ligi ya mkoa. Mara nyingi alianzia benchi, kwa sababu wenzake wana miaka ya mazoezi ambayo yeye hakuipata, ila kwa krosi za mguu wa kushoto hakuna anayemfikia pale. Timu haikupanda daraja. Ujumbe wa vitisho haukujirudia. Masomo ya QT yanaendelea.

Mashindano ya nje ya mkoa yalimpita. Uongozi ulikuwa umeshamtangazia kuwa atasafiri, nauli imeshahesabiwa, ndipo mtu akakumbuka kibali cha safari. Ombi lilipelekwa siku chache kabla ya kuondoka na halikujibiwa kwa wakati. Aliliona basi likiondoka. Idara ilikuwa imewaambia mapema kwamba ruhusa huombwa kila mara, kwa hiyo hili lilikuwa la kuepukika kabisa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko yote ni mpangilio wa kocha: nyumba kwanza, uwanja baadaye. Alimchukulia mama kama mtu mwenye maswali ya maana, akamjibu hata yale yasiyopendeza. Kukataa cheti cha uongo kuliokoa mambo mengi kuliko timu inavyojua. Hijabu iligeuzwa kifaa cha timu, na kwa hiyo binti hakuwa kioja. Na kumwachia mama mazungumzo ya ukoo kulikuwa sahihi. Sisi wa nje tulikuwa na haki ya kumlinda dhidi ya vitisho, lakini hatukuwa na haki ya kuusemea ukoo wake.

Kilichoshindikana kina mzizi mmoja. Uongozi ulimwona binti kama mtu aliyekwisha kuokoka. Ameshatoka Somalia, yuko Dar es Salaam, basi kilichobaki ni kusherehekea. Kwa mtazamo huo picha yake ni habari njema, ukimbizi wake ni hadithi nzuri ya kumpelekea mfadhili, na kodi ni suala la familia. Lakini mkimbizi mwenye ndugu, simu na nyumba ya kupanga bado yuko ndani ya amri za kwao. Anayelipa kodi anapiga kura juu ya bukta na taiti. Timu inayotaka kumsaidia msichana kama huyu iulize mapema, kwa heshima na faraghani: nani anaitunza nyumba hii, na akikasirika itakuwaje? Ni swali la kuudhi, na ndiyo maana halikuulizwa.

Kuhusu kumsimamisha, naona wiki mbili zilitosha. Kila mapumziko ya usalama yaandikwe tarehe ya kupitiwa upya na jina la mtu atakayempigia mchezaji. Msichana aliyezuiwa kucheza maisha yake yote husoma kila ukimya kama katazo jingine, na hana sababu ya kuusoma vinginevyo.

Timu sasa ina karatasi moja ya ridhaa ya picha kwa wachezaji wote, Watanzania na wasio Watanzania, inayojazwa kwanza na mchezaji mwenyewe kisha na mzazi kwa aliye chini ya miaka 18. Wachezaji kadhaa wa hapa hapa nchini nao walijaza kwamba hawataki kuonekana, na hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza.

Kibali cha mama kinakaribia kuombwa upya. Kikikataliwa, familia itarudi Kigoma, na usajili wa binti utabaki Dar es Salaam pamoja na namba yake. Kocha ameshaanza kuuliza kuna nini kwa wasichana wacheza mpira ndani ya kambi, nani anafundisha, na kama viatu na hijabu zile nyeusi zinaweza kutumwa. Uongozi wa timu haujaliweka suala hilo kwenye ajenda ya kikao. Nimewaandikia kuwaomba waliweke kabla ya tarehe ya kibali kufika.